Bei ya Pwani, Maji ya Unyanyembe

Mwaka 1857 Richard Burton alikuja pwani yetu na mashua ya bati la mikunjo iliyoundwa Marekani. Ilikuwa na vipande saba. Ingefunguliwa pwani, ibebwe mabegani hadi bara, kisha iungwe tena kwenye ziwa kubwa ambalo wafanyabiashara wa Unguja walikuwa wakilisimulia. Msafara ulipokuwa tayari kuondoka, mwezi Juni, wapagazi waliopatikana hawakutosha hata kwa vitambaa na shanga, sembuse mashua. Ikaachwa hukohuko pwani. Burton na mwenzake John Speke wakapanda bara bila chombo, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba baada ya siku 134, na Februari ya mwaka uliofuata wakaliona Ziwa Tanganyika pale Ujiji.

Kuanzia hapo kila safari yao ya majini ilitegemea chombo cha mtu mwingine. Machi 1858 Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kumwomba Sheikh Hamid bin Sulayyam amkodishie jahazi lake. Akarudi mikono mitupu. Wakabaki mikononi mwa Kannena, mtawala wa eneo lile la Ujiji, aliyewapa mitumbwi miwili kwa malipo mazito, akawapeleka mpaka Uvira upande wa kaskazini, na hapo akakataa kuendelea. Walichokuwa wanakitafuta, kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, hawakukiona kwa macho yao. Kilikuja kuonekana Novemba 1871, pale wasafiri Stanley na Livingstone walipofika kwenye mdomo wa mto huo na kukuta maji yanaingia. Walikwenda kwa mtumbwi wa gogo la mvule uliochongwa kutoka misitu ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Walikuwa wameazimwa na Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji.

Nimeanza na mashua ile kwa sababu ndani yake kuna swali lote la sura hii. Ilikuwa kifaa bora, na pengine hakuna chombo bora kuliko hicho kilichokuwa kimefika pwani wakati huo. Lakini ubora wake uliishia pale mabega ya kuibeba yalipokosekana. Mtumbwi wa mvule ulikuwa mzito na mgumu kuuongoza, ila ulikuwa ziwani tayari, na aliyeuchonga alikuwa upande wa pili wa maji.

Kifaa ninachotaka kukizungumzia ni kidogo kuliko mashua. Ni ile ovaroli, suruali ya mpira iliyoungana na gambuti, inayopanda mpaka kifuani na kushikiliwa mabegani kwa mikanda, ambayo wavuvi wa nchi za baridi huivaa wakiingia mtoni. Naamini kila mtu anayeshinda ndani ya maji katika mkoa wa Tabora anastahili kuwa nayo, au walau gambuti ndefu ya kufika magotini. Nasema hivyo nikiwafikiria wavuvi wa bwawa la Igombe na wa mto Ugalla, na zaidi kina mama wanaopandikiza mpunga kwenye majaruba ya Igunga na Nzega wakiwa wameinama asubuhi hadi alasiri. Swali linalofuata ni la siku zote kwenye njia hii: ununue hapa mjini kwa bei ya juu, au uagize mbali kwa bei ya chini?

Tabora ilizaliwa ndani ya swali hilo. Kufikia miaka ya 1850 Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Harthi, na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi, walikuwa wamejenga maghala yao Kazeh, katikati ya nchi ya Wanyamwezi. Mahali penyewe palikuwa njia panda: upande mmoja Ujiji, upande mwingine Karagwe na Buganda, na nyuma barabara ndefu ya kurudi Bagamoyo. Waliuza vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba na bunduki. Walinunua pembe za ndovu, na walinunua watu. Hilo la mwisho halifai kupitwa kimyakimya, maana faida ya maduka yale ilisimama juu yake pia, na sehemu ya mizigo iliyokuwa ikishuka pwani ilibebwa na watu waliokuwa wenyewe ni bidhaa.

Bei za Kazeh zilikuwa mbali sana na bei za Unguja, na wasafiri wa Ulaya walilalamika karibu kila mmoja. Malalamiko yao nayaelewa, ila hesabu yao ilikuwa na pengo. Doti moja ya merikani iliyonunuliwa Unguja ilikuwa bado haijalipa hongo, yaani ushuru wa watawala wa njiani, Ugogo, haijaloweshwa kwenye bonde la Makata wala haijatoroka na mpagazi usiku. Ile iliyokuwa rafuni kwa Snay bin Amir ilikuwa imeyapita yote hayo kwa gharama ya mtu mwingine. Mnunuzi wa Kazeh alilipia kitambaa pamoja na njia yake.

Na alilipia maarifa. Hapa ndipo duka la Tabora lilipokuwa na thamani ambayo pwani haikuweza kuiuza. Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja mapema mwaka 1871, alinunua yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki, yadi 5,200 za vitambaa vya rangi, magunia 22 ya shanga za aina 11, na ratili 350 za waya wa shaba. Vitambaa havikumsumbua sana. Shanga zilimnyima usingizi, kwa sababu kila nchi ilikuwa na yake. Shanga nyeusi, bubu, zilikuwa fedha Ugogo na takataka kwingineko. Sungomazi zilipendwa Ujiji na Uguha, na kwingine zikakataliwa. Nyeupe zilikubalika Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Mtu angeweza kubeba gunia zima kwa miezi mitatu, akafika nalo mahali ambapo hakuna hata mtoto anayelitaka. Mwenye duka Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, alikuwa akiona misafara ikipita na kurudi, akajua mwezi huu Ujiji wanataka nini. Anayenunua kwake alinunua pia habari hiyo.

Ukiangalia kwa jicho hilo, maduka ya Tabora mjini leo yanapaswa kupimwa kwa maarifa yao kabla ya bei zao. Mwenye duka la zana za kilimo na uvuvi karibu na Soko Kuu akikuuliza unaingia maji gani, tope au mchanga, yanafika wapi mwilini, unasimama au unatembea, huyo anakuuzia kitu ambacho Kariakoo hawana. Akikunyooshea tu kifurushi kilichokuja na basi wiki iliyopita, akakuongezea nusu ya bei bila neno, basi anakuuzia nauli. Nauli hiyo unaweza kuilipa mwenyewe.

Njia za kuilipa mwenyewe zipo nyingi kuliko zamani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu mwaka 1928 tawi la Mwanza limeifanya Tabora kuwa njia panda upya. Mwanza ni mji wa zana za uvuvi, na mtu anayefuata nyavu huko anaweza kuulizia gambuti safari hiyohiyo. Kariakoo unapiga simu, unalipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi na wewe unatumiwa namba ya risiti. Wapo pia mawakala wanaoagiza China, ambako ovaroli hizi hushonwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei inayoshangaza. Na kuna mitumba, ambayo mara chache hutoa kitu kizuri sana, na mara nyingi kitu kilichochoka kwenye mishono ambayo macho hayaioni.

Kabla ya kuchagua duka, chagua malighafi, maana ndiyo itakayoamua duka. Hapa nitakaa kidogo.

Ovaroli za bei ya chini kabisa ni za plastiki laini ya PVC, au za nailoni iliyopakwa PVC. Vipande vyake huunganishwa kwa joto. Zikiwa mpya hazipitishi tone. Adui yake ni mkunjo: nyuma ya goti, kwenye kifundo cha mguu, katikati ya mapaja, mahali ambapo nguo inakunjuka na kukunjwa kila hatua. Ukiziacha juani juu ya mtumbwi au kwenye kamba, plastiki inakakamaa mapema, na ufa wa kwanza unatokea palepale kwenye mkunjo. Zinazofuata ni za neoprini, nene kama godoro jembamba, zilizotengenezwa kutunza joto la mwili katika mito ya barafu. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi yake, lakini ifikapo saa nne neoprini inageuka kuwa adhabu. Kuna vitambaa vya kisasa vinavyozuia maji huku vikiruhusu jasho kutoka. Ni vizuri kweli, na ni ghali kweli, na mwiba mmoja wa mgunga unatosha kuharibu siku. Mwisho kuna mpira halisi: mzito, wa kizamani, unachosha ukitembea nchi kavu.

Mimi nachagua mpira halisi. Sababu yangu iko kando ya barabara, chini ya mwembe, kwa fundi baiskeli. Tabora ni mji wa baiskeli, na fundi mwenye kopo la solusheni, msasa na vipande vya tyubu hakosekani, mjini wala kijijini. Kiraka kilekile kinachoziba tyubu kinaziba gambuti ya mpira: unakwangua kwa msasa, unapaka, unasubiri ikauke kidogo, unabandika na kugonga. Solusheni hiyo haishiki vizuri kwenye PVC. PVC ina gundi yake, na gundi hiyo utaifuata dukani, ukibahatika kulipata duka. Kwa hiyo mtu anayenunua ovaroli ya plastiki kwa nusu ya bei anaweza kujikuta ameitupa baada ya msimu mmoja kwa tundu la ukubwa wa sindano, wakati jirani yake mwenye mpira anatembea na viraka vitano na maji hayaingii.

Hata wenye fedha za kuagiza Ulaya walilijua hili. Mwaka 1874 Stanley alikuja tena, safari hii na mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyoundwa Teddington kando ya mto Thames, nayo ya vipande. Ilipopimwa Unguja, vipande vilikuwa vizito na vipana kupita kiasi kwa njia za bara. Bahati yake ni kwamba palikuwa na seremala hodari hapo mjini, akavikata upya vikabebeka. Bila seremala yule, Lady Alice ingekuwa mwenzake wa mashua ya Burton, na sidhani kama ingeliona Ziwa Victoria na Tanganyika.

Swali jingine ni nani aliyekuwa akilowa. Stanley alipovuka bonde la Makata katika masika ya 1871, msafara ulitembea ndani ya maji, mahali pengine yakifika kiunoni, na maradhi ya tumbo na homa yakafuata. Wenye mali walipanda punda au walibebwa kila ilipowezekana. Wapagazi hawakuwa na la kuchagua. Miaka miwili baadaye picha ni kali zaidi. Livingstone aliondoka Kwihara, hatua chache kutoka Tabora, tarehe 25 Agosti 1872, akiwa na watu ambao Stanley aliwaajiri pwani na kumpelekea. Kufikia Januari 1873 walikuwa kwenye vinamasi vya Bangweulu, na mzee alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa mabegani katika maji yaliyomfika Susi, mtumishi wake, mdomoni. Walipokezana, mmoja baada ya mwingine, kuvuka mfereji mpaka mfereji. Alifariki mwanzoni mwa Mei. Watu haohao wakaubeba mwili wake kurudi, wakapita Unyanyembe mwezi Oktoba, na kuendelea hadi pwani.

Kwenye njia hii, kwa muda mrefu, kinga ya mwenye uwezo dhidi ya maji ilikuwa mwili wa mtu mwingine. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala la gambuti kama anasa ya wazungu wa uvuvi wa burudani. Maji baridi yaliyotulia, au yanayokwenda polepole, yenye majani na konokono, ndiyo makao ya kichocho. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, yakaangukia majini, yakaanguliwa. Viluwiluwi vyake vikaingia ndani ya konokono, vikatoka vikiwa tayari kutoboa ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi zaidi mchana, jua likiwa kali, saa ambazo mkulima wa mpunga yumo jarubani na watoto wamo bwawani. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi. Lakini aliyepona leo akirudi kwenye maji yaleyale kesho anaambukizwa upya. Kinachozuia ni choo, maji safi, na kitu kisichopitisha maji kati ya ngozi na jaruba.

Kinga hiyo ina mipaka, na duka lisilokuambia mipaka yake halikutendei haki. Ovaroli inafunika mpaka kifuani; mikono inayochomoa wavu au kupandikiza mche inabaki wazi. Ukiteleza penye kina, maji huingia kwa juu, na mtu aliyejaa maji ndani ya ovaroli hawezi kutembea wala kupanda ukingo. Ndiyo sababu ya ule mkanda wa kiunoni, ambao wauzaji wengi wa bei ya chini huuacha na wanunuzi hawauulizii. Usinunue bila mkanda, au tafuta wako na uufunge kwa kukaza kila unapoingia. Na hakuna mpira unaozuia mamba. Novemba 1871, msafara wa Stanley ulipokuwa ukivuka Malagarasi kule Uvinza, punda wake mmoja aliyeitwa Simba alikuwa akiogeleshwa kwa kamba, mamba akamkamata shingoni na kumzamisha mbele ya watu waliokuwa wakivuta kamba kwa nguvu zao zote. Ugalla humwaga maji yake katika Malagarasi hiyo, na mabonde ya Malagarasi, yaliyokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2000, bado yana mamba na viboko. Ovaroli isikupe ujasiri wa kuingia mahali ambapo wenyeji hawaingii.

Basi ununue wapi? Kwa gambuti za magotini sioni sababu ya kwenda mbali. Zipo Tabora, tofauti ya bei na Kariakoo ni ndogo ukitoa nauli ya mzigo, na faida ya kuzivaa palepale dukani ni kubwa. Gambuti isiyokutosha inabaki kwenye tope wewe ukiendelea na safari kwa soksi. Vaa zote mbili, tembea hadi mlangoni, chuchumaa, inuka. Tazama soli: kwa tope la mbuga zetu unataka meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke. Meno mafupi yaliyobanana yanajaa na kuwa kama barafu.

Ovaroli ya kifuani ni habari nyingine. Mara nyingi utaikosa mjini, na utakapoipata itakuwa ya saizi moja. Hapo kuagiza ni halali kabisa, na ningependa kuona ikifanywa kwa namna ambayo misafara ya zamani ilifanya. Mfanyabiashara mdogo mwenye mizigo mitatu hakuvuka Ugogo peke yake; alisubiri msafara mkubwa, akaungana nao, akalipia sehemu yake ya hongo. Kikundi cha wavuvi, au akina mama wa skimu moja ya umwagiliaji, wanaweza kufanya vivyo hivyo: waandike saizi zao kwenye karatasi moja, waende kwa mwenye duka wanayemfahamu, wamwambie aagize yeye kwa jina lake na kwa faida inayojulikana. Atapata bei ya jumla ambayo mtu mmoja hapewi. Zaidi ya hapo, ovaroli mbili zikija zikiwa zimepasuka, kuna mlango wa kugonga. Aliyenunua peke yake kwa wakala wa mbali ana namba ya simu tu.

Mlango wa kugonga una thamani kuliko tunavyodhani. Livingstone alikuwa ametumiwa bidhaa kutoka pwani hadi Ujiji chini ya uangalizi wa mtu aliyeitwa Sherif. Oktoba 1871 alifika Ujiji akiwa amechoka na hana kitu, akakuta Sherif ameziuza zote, na pembe za ndovu zilizopatikana hazikuwa zake. Bidhaa zilikuwa zimenunuliwa vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa karibu ambaye angeweza kumdai.

Mkiamua kuagiza, msitume namba ya kiatu peke yake, kwa sababu namba za viwanda vya China hupungua moja au mbili ukilinganisha na tulizozizoea. Simama juu ya karatasi ukiwa umevaa soksi nene, chora unyayo, pima kwa sentimita. Pima kifua juu ya nguo za kazi, pima mguu kwa ndani kutoka mapajani mpaka kisiginoni, kisha ongeza kidogo ili uweze kuchuchumaa bila mshono kuvutika. Uliza kama ni mpira au PVC, na usikubali jibu la "ni rabaplastiki". Uliza mkanda. Mzigo ukifika stendi, usiupeleke moja kwa moja bwawani. Usiku huo ingiza tochi ndani ya kila mguu katika chumba chenye giza, ukitazama kwa nje mwanga unapopenya, na uzungushie kila nukta duara kwa kalamu. Asubuhi, kama ni nukta moja na ni mpira, mpelekee fundi baiskeli. Kama ni nyingi, irudishe dukani ikiwa kavu, na karatasi yenye vipimo mkononi.